Kiti cha Kumbeba Koko

Kwenye kona ya barabara yetu, huku Lubunga, kuna fundi wa baiskeli anayeziba mipira ya toleka, zile baiskeli zinazobeba abiria mjini kwetu. Kila asubuhi anafungua kikopo chake cha solisyo, gundi ya kubandikia viraka, na harufu yake inanifikia kabla sijapita uzio wa jirani. Wapo wanaoipenda harufu ile. Mimi inanitia hasira. Nikiinusa nakaza mwendo, uso umekunjamana, na yule fundi, ambaye hajanikosea chochote, bila shaka anadhani mimi ni mama mwenye dharau. Acha nijieleze kwenu, maana kumweleza yeye mwenyewe naona haya.

Harufu ile ni ya baba yangu, Papa. Ilikuwa kwenye kucha zake na kwenye kola za mashati yake, na Mama alilalamika kwamba hata sombe yake, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa na ladha ya solisyo, kwa sababu Papa alikuwa na tabia ya kufunua sufuria na kuonja kabla ya kunawa. Wala hakuwa fundi. Alikuwa karani kwenye bohari la mfanyabiashara mmoja wa Kivu Kaskazini, mahali maharagwe na vitunguu vilipokuwa vikishushwa, na kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na kuandika magunia yanayoingia na yanayotoka. Lakini Papa alikuwa na gari, na gari lile lilimfanya ajione fundi.

Lilikuwa gari dogo, la Kijapani, lililopita mikononi mwa watu wengi kabla ya kumfikia yeye. Rangi yake Papa aliiita kijani, Mama aliiita homa. Injini, namshukuru Mungu, ilikuwa nzima. Ndani ndimo mlimokuwa mmeoza. Kitambaa cha dari kilikuwa kimeachana na bati kikaning'inia, na abiria wa nyuma alisafiri amejifunika shuka kichwani bila kupenda. Papa alikishika kwa pini za ushonaji, pini zikaanza kutudondokea shingoni moja moja. Akazitoa, akakibandika kwa uji mzito wa unga wa muhogo, uleule tuliobandikia majalada ya daftari za shule, na kwa muda gari likapendeza, mpaka mende walipogundua kwamba dari letu linalika. Nyufa za dashibodi alizijaza nta ya mshumaa iliyochanganywa na masizi, jua la mchana likaiyeyusha, ikamdondokea kwenye suruali ya kazi. Mkono wa kupandishia kioo ulipopotea, tulipandisha kioo kwa koleo, na koleo likiazimwa na jirani tulinyeshewa. Usukani aliuzungushia kamba ya kuvulia aliyopewa na wavuvi wa Wagenia, na hiyo peke yake, nakiri, ilidumu.

"Usipoziba ufa, utajenga ukuta," alikuwa akisema, huku akipuliza kiraka kikauke. Mimi nilimwona akiziba nyufa kila Jumapili, na ukuta ukaendelea kuanguka.

Hasira yangu haikuanza hapo, hapo nilikuwa nikicheka tu kama watoto wengine wa mtaa. Ilianza Koko alipoanguka.

Koko alikuwa mama yake Mama. Aliishi Yanonge, upande mto unakoteremkia, na mimi niliishi naye mpaka nilipofika umri wa kuanza shule ndipo nikaletwa mjini kwa wazazi wangu. Kwa hiyo niseme wazi: mtoto mwingine alikuwa na mama mmoja, mimi nilikuwa na wawili, na yule wa kwanza alikuwa Yanonge. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya chini, na hakuwahi kulalamika juu ya kitu chochote. Aliwahi kukatwa na panga kwenye mguu shambani, akafunga jani, akamaliza mstari aliokuwa akilima. Nilimwona kwa macho yangu.

Safari hii alikuwa ameteleza ukingoni mwa mto, akitoa muhogo aliouloweka. Aliangukia nyonga. Hakuweza kusimama tena. Muuguzi wa zahanati ya pale alimbonyeza, akatikisa kichwa, akasema apelekwe hospitali ya mjini apigwe picha. Habari ilitufikia kupitia wafanyabiashara waliopanda na mtumbwi wa injini, na jioni hiyohiyo Papa aliwapa jibu warudi nalo: asiletwe kwa maji, nakuja kumchukua mwenyewe kwa gari.

Tonton Bosco, mdogo wake Mama, aliona huo ni ukaidi. Alitaka Koko alazwe kwenye godoro ndani ya boti la mbao lile linalobeba watu na mizigo, afike kesho yake. Lakini Koko mwenyewe alikataa boti. Kulipanda boti lile ni lazima ubebwe na mabaharia juu ya ubao mwembamba, kisha ukalishwe juu ya magunia ya mkaa katikati ya mbuzi, na yeye alishasikia kwamba mkwe wake anakuja na gari. Neno likishafika halirudi. Basi Koko alilala kitandani kwake akasubiri gari, na sisi hapa mjini gari lilikuwepo, limesimama uani, halikwenda popote.

Halikwenda kwa sababu ya kiti cha nyuma.

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo la nyumbani kwetu. Kwa watu wa Mama, mwanaume na mama mkwe wake wanaitana bokilo, na bokilo hagusani na bokilo. Hawali sahani moja, hawakai mkeka mmoja, hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Mmoja akipita njiani, mwingine anasogea kando. Watu wa Papa, Waislamu wa hapa mjini tangu enzi za babu zao, hawakuwa na katazo kali namna hiyo. Lakini Papa alioa Yanonge, na mgeni akishika desturi huishika kuliko mwenyeji. Wakwe wenzake pale Yanonge walishaanza kulegeza mambo, wakawa wanatania na mama wakwe zao. Papa, hapana. Yeye na Koko walikuwa wakizungumza kupitia kwangu, nami nimesimama katikati. Koko angesema kwa Lingala, nimwambie papa yangu kwamba chakula kiko tayari, na papa yangu yuko hatua chache tu anasikia kila neno. Papa angenijibu, nimwambie Koko ahsante. Nilikuwa nikigeuza shingo kushoto na kulia mpaka inauma, na niliona watu wazima wana mchezo wa ajabu.

Kiti cha nyuma cha gari letu kilikuwa ndicho kibaya kuliko vyote. Chemchemi zake zilikuwa zimetoboa ngozi zikachomoza, na anayekaa alijua kabisa amekaa juu ya nini. Papa alikuwa ametuma neno kwamba atamleta bokilo wake, na alipofungua mlango wa nyuma siku iliyofuata na kuangalia, nadhani ndipo alipoona alichoahidi. Akakitoa kiti chote nje, akakiweka juu ya makreti mawili chini ya paa la baraza, na kazi ikaanza.

Kwanza alikata zile chemchemi kwa msumeno wa chuma, akajaza nafasi yake kwa magunia matupu ya bohari, yamekunjwa na kushonwa kwa sindano ya magunia. Kilikuwa kigumu lakini kilikalika. Nikafikiri, kesho tunaondoka. Usiku mvua ilinyesha, ya kwetu mnaijua, na paa la baraza lilikuwa na tundu. Papa akasema kiachwe kikauke kwanza. Kikaachwa. Joto letu na unyevu wetu havikaushi kitu, vinaotesha tu, na katika mishono ya magunia yale kulikuwa kumebaki maharagwe ya kutosha. Niliporudi kutoka shuleni siku moja nilikuta kiti kimeota. Vichipukizi vyeupe, vimejikunja shingo, vimepenya kwenye ngozi ya kiti mahali chemchemi zilipokuwa zimetoboa. Majirani walikuja kuangalia. Mama mmoja akauliza kama tutamwagilia. Kila mtu alicheka, na mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kwa hasira, kwa kuwa Koko alikuwa amelala Yanonge na mfupa uliovunjika na papa yangu alikuwa akilima kiti.

Nilimuuliza tunaondoka lini. Hakukasirika. Alikuwa anang'oa maharagwe kwa vidole, taratibu.

"Kiti iko bado, mama," aliniambia. "Mutu wa kuumia hatuwezi kumuweka juu ya machuma."

Mama alikuwa akipika na alisikia. Alisema methali moja tu, bila kugeuka: ngoja ngoja huumiza matumbo. Papa naye alikuwa na yake, haraka haraka haina baraka, na nyumba yetu siku zile ilikaa hivyo, methali mbili zinatazamana na mimi katikati. Mama hakumgombeza. Alizidi tu kupiga mwiko kwenye sufuria. Ningefurahi kama angemgombeza.

Baada ya magunia akajaribu vipande vya godoro la sifongo. Vikabonyea vikawa bapa kwa siku chache. Kisha akaenda kwa mafundi wa toleka, akatazama wanavyotengeneza kile kiti kinene cha abiria, akarudi na mipira ya baiskeli iliyochoka, mingi, na kikopo cha solisyo. Aliikata ile mipira ikawa mikanda, akaifuma chini ya kiti, mmoja juu mmoja chini, ameivuta mpaka inalia ukiipiga kidole. Juu yake akaweka sufi, juu ya sufi blanketi, juu ya blanketi liputa jipya la Mama, kitenge kilichokuwa kimewekwa kwa ajili ya Pasaka. Harufu ya solisyo ilijaa uani mpaka kuku wakahama. Na nikiri kwamba kiti kile kilikuwa kizuri. Nilikaa juu yake nikahisi kama nimekaa juu ya maji yaliyotulia.

Nikasema, sasa basi. Lakini Papa alikwenda kwa wavuvi wa Wagenia, akaomba fito za kekele, ule mmea wa kutambaa wanaofungia mitego yao, akaanza kufunga mishikio pembeni mwa kiti. Mishikio minne, minene, iliyozungushiwa mpira. Na ilipokamilika hakukifunga kiti ndani ya gari kwa bolti. Alikiingiza, akakitoa. Akakiingiza, akakitoa. Alikilaza ubavu, akakipitisha mlangoni, akakilaza chini, akashuka, akakitazama, akakitoa tena. Tonton Bosco alikuja akamkuta katika hali hiyo, akasimama akimtazama, halafu akamuuliza Mama kama mumewe ni mzima. Hata mimi nilikuwa nimeanza kujiuliza. Mtu mwenye akili angefunga bolti aende.

Hakutueleza anachofanya. Laiti angetueleza. Labda Mama angecheka, labda angelia, lakini mtu mmoja kati yetu angemwambia kitu ambacho yeye peke yake, na akili yake ya kuingiza na kutoa, hakukiona.

Hatimaye tukaondoka, asubuhi, mimi na Mama mbele tumebanana, Papa kwenye usukani, Tonton Bosco nyuma kwenye kiti kipya akisifu kwa kejeli kila tulipoingia shimoni. Kabla ya kuwasha gari Papa alichukua bisibisi akafungua kile kioo cha kutazamia nyuma, akakiweka kwenye kisanduku cha dashibodi. Hakutaka kumwona bokilo wake akiwa amelala. Tonton Bosco alimuuliza atarudije nyuma bila kioo, Papa akasema hatutarudi nyuma, tutakwenda mbele.

Barabara ya Yanonge wakati wa mvua sina haja ya kuwaelezea. Tulisukuma, tulichimba, tulikata matawi ya kuweka chini ya magurudumu. Ndani ya gari vitu vilifunguka kimoja kimoja. Kifuniko cha dashibodi kilianguka miguuni pangu. Dari likateremka. Kitasa cha ndani cha mlango wa nyuma wa kulia, ambacho kwa muda mrefu kilikuwa kipande cha mpira wa baiskeli kilichofungwa kwenye waya, kilikuwa kimevutika kikawa kirefu kupita kiasi. Papa alikifunga fundo, akasema kitashika.

Tulimkuta Koko kitandani. Alikuwa amepungua sana. Aliniwekea mkono usoni, akauacha pale, na kiganja chake kilikuwa na moto. Papa alibaki nje, kama inavyotakiwa, akanituma nimsalimie. Koko akanituma nimjibu kwamba yuko vizuri. Nilitoka nikamwambia Papa, Koko anasema yuko vizuri, na nikaona jinsi Papa alivyotazama chini.

Hapo ndipo alipowaeleza wengine alichokuwa akikitengeneza. Kiti kitolewe garini kiletwe mpaka kitandani. Wanawake wamgeuze Koko juu yake, polepole, kisha wanaume wanne washike ile mishikio ya kekele, wambebe akiwa juu ya kiti chake mpaka garini, kiti kiingie, bokilo akiwa amelala palepale, hakuna wa kumvuta, hakuna wa kumkunja. Aliyasema hayo akimtazama Tonton Bosco tu. Kwa mara ya kwanza Tonton Bosco hakuwa na kejeli.

Na kazi ilikwenda vizuri, jamani. Wanawake walimgeuza. Mikanda ya mpira ikampokea. Wanaume wakanyanyua kwa pamoja, na Koko akatoka ndani ya nyumba yake juu ya liputa la Pasaka, mikono juu ya kifua, bila sauti. Papa alikuwa ametangulia. Alikuwa ameingia ndani ya gari kwa mlango wa nyuma wa kushoto, amechutama pale penye bati tupu, mgongo umebanwa na viti vya mbele, ili akivute kiti kutoka ndani bila kumgusa aliyekilalia.

Kiti hakikuingia.

Ninyi mmeshaona kosa, nina hakika. Kule nyumbani kilikuwa kikiingia kwa kulazwa ubavu. Mara zote zile, ingiza, toa, alikuwa akikilaza ubavu bila hata kufikiri, kwa kuwa mikono ilishazoea. Sasa kilikuwa na mtu juu yake. Huwezi kumlaza ubavu mgonjwa wa nyonga. Wakakisukuma moja kwa moja, kona ikaingia, kona ya pili ikagota kwenye nguzo ya mlango, na mishikio ya kekele, ile aliyoifunga vizuri mno, ikakwama kwenye kitasa. Hakiendi mbele, hakirudi nyuma. Koko nusu yuko ndani ya gari, nusu yuko nje, kichwa upande wa Papa, na wanaume waliokuwa nje walikuwa wamesimama kwenye matope yanayoteleza.

Kila mtu akaanza kutoa amri. Mama alikimbia kuzunguka upande wa pili ili aingie yeye ampokee mama yake, akavuta mlango wa kulia, haukufunguka. Mlango ule kutoka nje ulikuwa umekufa siku nyingi. Papa akanyoosha mkono nyuma akavuta kile kipande cha mpira, kikakatika, kikabaki mkononi mwake. Namkumbuka akikitazama. Mama alikuwa akipiga kioo kwa viganja. Nilimchukia Papa wakati ule, niwaambie kweli. Nilikichukia kiti, na mpira, na viraka vyote vya maisha yetu, na jinsi ambavyo hakuna kitu chetu kilichowahi kutengenezwa kikatengenezeka.

Ndipo Koko akasema. Hakusema nami. Hakusema Lingala. Alisema Kiswahili cha mjini, lugha ya Papa, ambayo aliijua ya kuuzia samaki tu.

"Papa ya Zaina," alisema, akimwita kwa jina langu. "Acha kiti. Unikamate."

Wanaume waliacha kusukuma. Hata Mama aliacha kupiga kioo. Papa alitikisa kichwa. Koko hakurudia. Alinyoosha tu mikono yake miwili juu, kuelekea nyuma ya kichwa chake, kule Papa alikokuwa, na kuiacha hewani.

Papa akamkamata. Alipitisha mikono yake chini ya kwapa zake, akamvuta kwake, akampakata mapajani, na uso wake mwenyewe akaugeuzia dirishani, macho yamefumbwa. Kiti kilipobaki kitupu Tonton Bosco alikichomoa, akakilaza ubavu, kikaingia bila shida yoyote, kama kilivyokuwa kikiingia uani kwetu. Wakati wote huo, wanaume wakikiweka sawa, Papa alimshikilia Koko. Machozi yalikuwa yakimtoka chini ya kope zilizofungwa. Nami nilisimama nje na mguu mmoja matopeni, nikifikiri: kumbe ingetosha mikono. Siku zote zile za kungoja, na ingetosha mikono.

Daktari wa mjini aliitazama picha, akasema mfupa ulishaanza kuungana vibaya. Mngemleta mapema, alisema, hakusema kwa ubaya, alikuwa amechoka tu. Walifanya walichoweza. Koko alirudi Yanonge na fimbo, na mguu mmoja unaotazama kando, akatembea hivyo mpaka kufa kwake. Tonton Bosco alikuwa na usemi wake kwenye vikao vya ukoo: kiti kilipona, mguu ukapinda. Watu walicheka. Papa pia alikuwa akicheka, kidogo. Alikuwa amepeleka kuku na kitambaa kama fidia ya kumgusa bokilo wake, Koko akapokea, na nikarudi kusimama katikati kugeuza shingo. Hawakusemezana tena moja kwa moja hata siku moja.

Nilibaki na hasira hiyo nikiwa msichana, nikiwa mke, nikiwa mama. Niliamini ninajua kilichotokea: mwanaume mwenye hofu ya desturi alijificha nyuma ya kiti, na mwanamke mwenye akili akakosa subira kama nilivyoikosa mimi, akamwambia aache upuuzi.

Binti yangu aliolewa mwaka jana. Kijana ni mzuri, wa hapahapa mjini, na hizo habari za bokilo wao hawazijui, wanacheka ukizitaja, nami nilikuwa nikicheka nao. Kiangazi kilichopita tulivuka mto pamoja kwenda sokoni. Ukingo ulikuwa na utelezi, mtumbwi unayumba, na kijana akaruka ndani kwanza, akageuka, akaninyooshea mkono. Ndugu zangu, mkono wangu ulirudi wenyewe. Sikuuamuru. Ulirudi nyuma ya mgongo, na badala ya kukanyaga mtumbwi nikakanyaga maji mpaka gotini. Watu wakacheka, binti yangu akacheka mpaka akashika mbavu, na mimi nilipanda peke yangu, nimelowa, nikakaa kwenye ubao nikikamua nguo. Walidhani nimeteleza.

Mimi, niliyekulia shule za mjini, nisiyeamini mambo hayo, nilichagua maji kuliko mkono wa mkwe. Koko aliamini. Aliishi ndani ya desturi ile tangu alipoozesha binti yake. Na alikuwa mwanamke aliyekatwa na panga akamaliza mstari. Pale mlangoni mwa gari hakuwa amekosa subira. Alikuwa na maumivu ambayo mimi sijawahi kuyajua, na neno lile ndilo lililokuwa njia yake ya kupiga kelele. Wote waliokuwa pale walisikia bibi kizee akitoa amri. Papa peke yake ndiye aliyesikia kilio, na alikuwa ameikimbia sauti hiyo kwa siku zote zile kwa sindano na viraka, akitengeneza kitu ambacho kingemfanya asiisikie kamwe.

Papa alikuwa amefumba macho, na alikuwa akilia. Mimi nilikuwa nimesimama pale nje, nikimtazama Koko wangu mikononi mwake, na nilichokuwa nikikifikiria ni kiti.